Nani Alichora Kisanduku

…maana swali lenyewe halina ubaya wowote, ni swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza, na Desimali ameliuliza kwa upole uleule anaoombea sukari, "Samahani, kwa ajili ya kumbukumbu tu, kisanduku hiki alikichora nani?", na sasa amesimama kando ya skrini na rimoti mkononi, anangoja, mwanga wa projekta umemlalia shavuni, na hapa mezani watu saba wanakodolea macho picha mbili za galaksi moja kana kwamba wameulizwa mtoto kafanana na nani, kulia ile ya zamani, yenye mkono mrefu wa gesi uliojinyoosha kutoka ubavuni mwa galaksi kama mtu anayepokea kitu dirishani, kushoto ile mpya, galaksi ileile, data zilezile, na mahali pa mkono hapana kitu, weusi mtupu, na Mama Pacha anajua nani alichora kisanduku, ni yeye, aliyeketi kiti cha tatu kutoka mlangoni na kalamu mdomoni kama mtoto wa darasa la nne, yeye na kipanya chake cha kompyuta na tumbo lake la miezi saba, Jumatano moja saa nane mchana, miaka tisa iliyopita, sema basi, mama, sema "mimi", neno lenyewe silabi mbili, hata wanao walilijua kabla hawajajua kufunga viatu, lakini ulimi umelala chini kama mkeka uliolowa, na pembeni yake, karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua, Profesa, mzee wao, anakisukuma vizuri sikioni kifaa chake cha kusikilizia. "Faili lina tarehe," Desimali anaongeza, "halina jina la mtu," na Mkurugenzi, mama mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani ambayo kila siku anaitafuta, anasema, "Labda tuangalie kwenye kumbukumbu za…" za nini Mama Pacha hakusikia, kwa sababu kumbukumbu anazo yeye, zimejaa tele, na hazina haja ya kuangaliwa, zinakuja zenyewe.

Hivi nyie hiyo picha mnaipigaje, Baba Pacha alimuuliza juzi, amechuchumaa uani anaosha brashi zake za kazi, yeye ni fundi wa majokofu na hapendi kitu asichoweza kukifungua kwa bisibisi, naye akamweleza kama alivyoweza, kwamba hawapigi picha kama watu wanavyopiga picha, wana antena kumi na nane zimetawanywa kwenye tambarare, zinasikiliza mawimbi ya redio kutoka mbinguni, na kila antena mbili zikishirikiana zinapata kipande, lakini antena kumi na nane ni chache, mbingu ni kubwa, kwa hiyo vipande vingine havipatikani, na ukivikusanya ulivyonavyo hivyo hivyo unapata kitu wanachokiita picha chafu, imejaa mawimbi na duara ambazo hazipo mbinguni, zimetokana na mapengo tu, sasa ndiyo unatafuta njia ya kuisafisha. "Kwa hiyo mapengo mnayajaza wenyewe." "Tunayajaza kwa kanuni." "Na kanuni kaiweka nani?" "Watu." "Ahaa," akasema Baba Pacha, akakung'uta brashi, "hapo nimekupata, ni kama mteja anayeniletea jokofu akaniambia tangu mlangoni gesi imeisha, fundi, gesi imeisha, basi nikilifungua naiona gesi tu, hata kama panya kakata waya," akacheka, na yeye akacheka, akaingia ndani akafungulia bomba la bafuni akakaa kwenye ukingo wa beseni, maji yanatiririka bure, mpaka pacha mmoja akagonga mlango kuuliza mama kulikoni. Basi njia ziko tatu, na wao ofisini wamezipa majina kama wapewavyo mbuzi, ya kwanza ni Mdonoaji, mkongwe, yeye huenda kwenye nukta inayong'aa kuliko zote akaidonoa kidogo, akaondoa pamoja nayo duara zake za uongo, akarudi akadonoa inayofuata, mara elfu, mara elfu kumi, kama kuku kwenye mtama, na kwa kuwa kuku hajui mtama na changarawe, unamchorea kisanduku, unamwambia dona humu ndani, nje ya hapa usiguse, ya pili ni Mpiga Pasi, yeye hadonoi, anatafuta picha laini kuliko zote inayokubaliana na data, na ya tatu, aliyokuja nayo huyu Desimali, mwanahisabati kijana anayesema hata saa ya chakula kwa tarakimu nne baada ya nukta, hiyo wanaiita Mwenye Shaka, kwa sababu haikupi picha moja, inakupa picha elfu moja, zote zinakubaliana na data, halafu inakuonyesha ni wapi zote elfu zinasema neno moja na wapi kila moja inasema lake. Walimcheka mwanzoni. Mtu gani huyo, ukimuuliza njia anakuonyesha barabara elfu. Na sasa nani anacheka, kwenye picha elfu za Mwenye Shaka mkono umeonekana kwenye kumi na tisa tu, na katika hizo kumi na tisa kila mmoja umeelekea kwake, na hilo peke yake lisingeua mtu, wangesema ni dhaifu, wangesema tuongeze saa za kusikiliza, lakini Desimali, bila uovu wowote, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu, ametengeneza galaksi ya bandia kwenye kompyuta, galaksi nzuri, ya mviringo, isiyo na mkono kabisa, akaipitisha kwenye antena za bandia, akaitia kelele za bandia, kama mkwaruzo wa redio, akamkabidhi Mdonoaji pamoja na kile kisanduku cha zamani, mara kumi, na mara nane mkono ukaota. "Kisanduku chenyewe kinazaa mkono," ndivyo alivyosema, na ndipo akageuka akauliza nani alikichora.

"Haraka hamna," Desimali anasema, "nataka tu kuandika vizuri sehemu ya mbinu," na Mama Pacha anatoa kalamu mdomoni, kwa sababu mtu hawezi kukiri ana kalamu mdomoni, na anaiweka mezani, na kalamu inabingirika, na anaizuia kwa kidole, na hayo yote ni kuchelewesha tu, anajijua, hata hospitali alikuwa akienda kuchomwa sindano anaanza kwanza kukunja shuka… kisanduku cha kwanza kilikuwa cha mviringo, cha haki, kilizunguka galaksi peke yake, na Mdonoaji alipomaliza akaacha mabaki yaliyotulia kama majivu, hapakuwa na mkono, hapakuwa hata na kidole, na angeacha hapo, alikuwa ameshaanza kufunga, daktari alikuwa amemwambia kuanzia Ijumaa ni kitandani na miguu juu, lakini Profesa alisimama nyuma ya kiti chake na ndala zake zile za ofisini, akainama kwenye picha chafu, akaweka kidole kwenye kioo na kukivuta taratibu, "Hapa pana kitu, mwanangu, macho haya yametazama kelele miaka thelathini, yanajua kelele na yanajua kitu," akaenda zake kufundisha, na kidole kikaacha alama ya mafuta, mstari uliopinda kama kiwiko, na yeye akachora kisanduku cha pili juu ya mstari ule ule wa mafuta, akashusha kikomo, akamwachia Mdonoaji adonoe zaidi, adonoe mpaka chini kwenye kelele zenyewe, na baada ya dakika kumi na moja mkono ukatokea, na kinachouma, kinachouma mpaka leo kiasi kwamba akikikumbuka anafumba macho hata akiwa sokoni, ni kwamba alifurahi, hakudanganya mtu siku ile, alifurahi kwelikweli, aliona amekisaidia chombo kuona, akapiga simu, "Mzee wangu, njoo uone," na Mzee akaja anakimbia, ndala zinapiga sakafu, akatazama, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nitahakiki baadaye, alijiambia, nitafanya jaribio, nitaweka galaksi ya bandia… unaona, hata wazo alikuwa nalo, hilihili la Desimali, lakini baadaye ilikuwa pacha, wawili kwa mpigo, mwezi mmoja kabla ya wakati wao, kila mmoja kwenye sanduku lake la joto na mirija puani, na Profesa alikuja wodini na karatasi ya jarida la sayansi imekunjwa mara nne mfukoni, akainama kitandani akanong'ona, "Mkono umekubaliwa," na muuguzi aliyekuwa anapita akasimama ghafla, "Mkono gani tena, mbona watoto wote mikono mizima?", na walicheka wote watatu, yeye na mshono wake, alicheka huku ameushika, na tangu siku ile ukaitwa hivyo, Mkono wa Mzee, dunia nzima wanaijua galaksi ile kwa mkono wake, watu wawili wameandika tasnifu juu ya jinsi gesi inavyotiririka ndani yake, yeye Mama Pacha akapandishwa cheo, akapewa ofisi yenye dirisha, gesi inatiririka wapi, jamani, inatiririka ndani ya alama ya kidole.

Na alijaribu, asiseme mtu hakujaribu, pacha walipotimiza miaka minne alikaa peke yake wiki nzima akafanya lile jaribio, akaona, akaenda nyumbani kwa Profesa siku ya Jumapili, njia nzima anapanga maneno, Mzee wangu nimekuja kwa jambo, Mzee wangu usinifikirie vibaya, na aliyefungua mlango ni mke wake, akamkumbatia, akamketisha sebuleni chini ya picha, ilikuwa imewekwa kioo na fremu ya mbao, mkono unaonekana wote mpaka kwenye ncha, na yule mama akaipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge, "Huyu ndiye kitindamimba wetu," akasema, "wenzetu walijaliwa watoto, sisi tumejaliwa mawimbi," na Profesa akatoka chumbani anatabasamu, karibu mwanangu, karibu, na Mama Pacha akanywa chai vikombe viwili, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya saruji ingawa hajengi, akarudi, na Baba Pacha, aliyejua tu kwamba kuna jambo, alipouliza, "Umemwambia?" akajibu, "Alikuwa na wageni." Miaka mitano hiyo. Kila mwaka uongo unajengewa ukuta mpya, kila mwaka akasema nitasubiri astaafu, astaafu kwa heshima, halafu nitaandika taratibu, kwa lugha laini, kwamba huenda, kwamba pengine, na sasa amebakiza wiki mbili kustaafu, wiki mbili tu, kama si yule Mkurugenzi kutaka njia zilinganishwe, na kama si Profesa mwenyewe, pale pale kwenye kikao, walipokuwa wanatafuta galaksi ya kufanyia mtihani, kuinua mkono na kusema, "Tumieni ya kwangu, inajulikana," na watu wakapiga makofi, na yeye, Mama Pacha, mwenye jibu, alipiga makofi pia… sema sasa. Sema. Ukinyamaza watamtazama yeye, kila mtu anadhani ni yeye, jina lake ndilo la kwanza kwenye makala, na ukisema utamwambia mbele za watu kwamba kitindamimba wake ulimzaa wewe kwa kipanya, hakuna upande usio na miiba, na anavuta pumzi, na anasikia koo lake likijiandaa, sauti ndogo ya kukwaruza, anaanza na "m", midomo imeshakutana—

"Mimi," anasema Profesa. Si kwa sauti kubwa. Desimali anageuka. "Wewe mwenyewe, Profesa?" "Mimi nilikichora. Na kabla ya hicho kulikuwa na kingine, cha mviringo, kinazunguka galaksi peke yake. Picha yake haikuwa na mkono. Niliiona. Na hiyo iandike." Na kalamu ya Mkurugenzi inaanza kwenda juu ya daftari, na Mama Pacha amebaki na ile "m" midomoni kama mtu aliyetiwa gundi, kwa sababu neno la kwanza la Mzee ni uongo na yaliyofuata ni kweli, aliionaje, aliiona lini, ile picha hakuwahi kumwonyesha mtu, aliifuta jioni ileile… siku zile alikuwa anakwenda msalani kila nusu saa, pacha wamekalia kibofu, aliacha kompyuta wazi, akarudi anajikongoja huku ameshika kiuno, na Mzee alikuwa tayari yumo chumbani, amesimama nyuma ya kiti, na yeye akadhani amefika sasa hivi, mbona ulidhani amefika sasa hivi, alikuwa anatweta? hakuwa anatweta, alikuwa ametulia, alikuwa amesimama pale muda wote wa kutosha mtu kuona kwamba hakuna mkono, na baada ya kuona ndipo akaweka kidole kwenye kioo. Kumbe. Kumbe alijua wodini, karatasi mfukoni, akicheka na muuguzi. Kumbe alijua sebuleni, chini ya fremu, karibu mwanangu karibu, alimwona anavyoshindwa kumeza, akamwongezea chai, akamwacha azungumzie saruji. Miaka mitano amembeba yule mzee kama mtu anavyobeba maji kwenye sahani, asimwagike, asimwagike, na kumbe Mzee ndiye aliyekuwa amembeba yeye, kila mmoja ananyata kwa ajili ya usingizi wa mwenzake na wote wako macho, na ile "tumieni ya kwangu", ile ya kwenye kikao, haikuwa majivuno, alikuwa anauinua mkono kama mtu anayejisalimisha, alitaka picha ishikwe, ishikwe na mgeni, mwanahisabati asiyejua heshima ya mtu inakaa wapi, kabla hajaondoka, angali na kiti cha kukalia akiulizwa. Na alitaka aulizwe yeye. Hakutaka waulizwe wawili. Na nani alikutuma, Mzee wangu, anawaza, na anashangaa kwamba kilichomjia si shukrani, ni hasira, hasira ya moto, imempanda mpaka masikioni, nani alikwambia naomba kubebewa, hiki kilikuwa changu, dhambi hii nimeilea miaka tisa, nimeinyonyesha pamoja na wanangu, leo ndiyo nilikuwa naitua na wewe umeidaka hewani, sasa nikisema si kweli, ni mimi, nimekufanya mwongo katika kikao chako cha mwisho, na nikinyamaza nimekula na kunywa mezani pako na bili umelipa wewe, na hasira nayo haina pa kukaa, inazunguka inatafuta kiti, kwa sababu ameona mikono ya Mzee juu ya meza, imetulia, mikono ya mtu ambaye ameshafika alikokuwa anakwenda.

"Asante sana, Profesa," anasema Desimali, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hapa sauti yake haina tarakimu, "sikuwa na nia ya…" "Usinishukuru, kijana, kazi ni nzuri. Hiyo ya tatu, yenye shaka, hiyo ndiyo wangenifundisha nikiwa na umri wako." Mtu fulani anahamisha kiti. Mkurugenzi amemaliza kuandika, amepiga mstari chini ya alichoandika, mstari mrefu, Mama Pacha anaisikia kalamu inavyokwenda mpaka mwisho wa ukurasa, na sasa anainua uso, "Mama Pacha, wewe ndiye mwandishi wa pili kwenye ile makala. Una la kuongeza kabla hatujaendelea?", na watu wote wanageuka, kwa adabu tu, kama watu wanavyogeuka, hakuna anayetegemea kitu, anaweza kusema hapana na wangerudi kwenye skrini, anaweza kusema ndiyo, na bado ile "m" ipo, haijaenda popote, na anamgeukia Mzee, amtazame tu, apate ruhusa au katazo, chochote, na Profesa hamtazami, amepeleka mkono sikioni, amekichomoa kile kifaa chake kidogo cha kusikilizia, kidogo kama punje ya hindi, amekiweka kwenye kiganja na ameanza kukifuta kwa ncha ya shati, polepole, upande huu, upande huu, anakigeuza kwenye mwanga, anakipuliza, anakifuta tena, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake, na Mama Pacha anaelewa kwamba lolote atakalolisema sasa atawaambia watu wote waliomo humu ndani isipokuwa yeye.